Jibu Lisilokuwemo Kwenye Fomu

Chumbani kwetu, juu ya duka la vitambaa
4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, hii ni ya mume wangu. Ameinua kichwa kutoka kwenye cherehani anayoifungua akasema, "Mwamkie Shangazi kwa niaba yangu, usijifanye umeolewa peke yako." Hujambo? Baba hajambo? Mwambie sufuria aliyotupatia inapika vizuri, mfuniko tu ndio unaruka kama una jini.

Shangazi, nimeolewa! Nimeandika hivyo ili nilisome neno lenyewe. Leo ni wiki tatu na siku nne. Kila asubuhi mume wangu anafungua dirisha la upande wangu kwanza, halafu la upande wake. Akifanya kazi anabana skrubu midomoni, nami nikisema jambo la kuchekesha anacheka bila kufungua mdomo, mabega tu yanatikisika. Nakaa namwangalia mabega mpaka chai inapoa. Unacheka? Cheka tu. Bado sijakusamehe kwa kukaa kitini harusi nzima, eti viatu vinabana. Wewe, ambaye harusi za watu baki unacheza mpaka wapiga ngoma wanaomba maji!

Bahasha ulizonipa naanza kuzitumia leo. Ulisema, "Simu ni ya haraka, mambo ya moyo niandikie." Basi barua hii itakuja ndani ya boksi la vipuri, chini ya sindano namba kumi na nne, kwa gari la kampuni.

Sasa la kazi. Bosi, yule tunayemwita Bwana Matokeo, amenipa usimamizi wa mawakala wote kumi na mmoja wa cherehani. Nilifurahi dakika tano. Dakika ya sita akasoma orodha ya mawakala ambao hawajauza hata mashine moja tangu Desemba, akasema mwisho wa Mei anawaondoa. Shangazi, na wewe ulikuwamo. Miaka ishirini na miwili ya uwakala, amekusoma kwa sauti ileile ya kuagizia chai.

Nilirudi nyumbani nikilia. Mume wangu akatema skrubu zake kwenye kopo akasema, "Mke wangu, kununua ni kwa mteja. Cha wakala ni nini?" Nikasema, kwenda, kuongea, kuonyesha, kurudi. Akasema, "Basi mwonyeshe Bosi hicho."

Palepale mezani tukatengeneza fomu ya mtandaoni kwa simu yangu. Maswali matano tu: Leo umeonana na nani? Umemfikiaje? Mmezungumza nini? Umemwomba anunue? Utamrudia lini? Unabonyeza "tuma", basi. Nilijaza ya kwanza kwa majaribio, nikamwandika mume wangu kama mteja. Shangazi, sikuwa nimeshusha kidole! Kwenye kompyuta yake mstari ukajitokeza wenyewe, jina lake, saa na dakika, kama mtu kauweka kwa mkono usioonekana. Nilisimama. Nikamwambia afute nifanye tena.

Bosi amekubali. Wakala atakayefikia watu thelathini kwa wiki, hata asipouza, atabaki. Kiungo cha fomu nimekutumia kwenye simu. Nakuomba ujaze.

Mwanao anayekupenda, bibi harusi

*

Nyumbani
23 Februari

Mwanangu bibi harusi,

Marahaba, na shikamoo ya mkwe wangu nayo imefika, haijamwagika njiani. Sisi wazima. Baba yako hajambo, anasema mfuniko haukuwa wa sufuria hiyo, alikosea siku ile kwa sababu ya machozi, ila usimwambie kuwa nimekuambia.

Nimefurahi kusikia habari za madirisha na mabega. Endelea kuangalia, lakini chai unywe. Chai iliyopoa haijawahi kumsaidia mwanamke yeyote.

Mimi nipo. Nakaa kibarazani kupunga upepo. Nyumba yangu siku hizi haipumui. Jana amekuja yule mama anayeshona sare za shule, mashine yake inakata uzi kila mishono mitatu. Nikamwambia aishushe hapa mbele yangu. Sindano alikuwa ameiweka nyuma mbele! Tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na yeye akabaki. Alikuja pia fundi wa mapazia na mdogo wake, wanataka kujifunza kushona zipu.

Kuhusu Bwana Matokeo, mwache aseme. Huyo namfahamu tangu hajaanza kuvaa tai.

Kuhusu kuhesabu, msidhani mmegundua moto. Nilipoanza kazi hii nilikuwa na vifungo thelathini, ndiyo, thelathini, kwenye mfuko wa kulia wa aproni. Kila mtu niliyekaa naye nikamweleza mashine, kifungo kimoja kinahamia mfuko wa kushoto. Anunue asinunue, kinahama. Jumamosi mfuko wa kulia ukiwa mtupu, nalala usingizi wa mtoto. Kwa hiyo thelathini yenu hainitishi.

Fomu nimeifungua. Ni nzuri, ina maua juu. Nitaona.

Shangazi yako

*

Chumbani kwetu
15 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Vifungo! Mume wangu nilipomsomea aliweka bisibisi chini akasema, "Shangazi yako alikuwa na jedwali mfukoni kabla hatujazaliwa." Tangu siku hiyo kila akipita dukani anavitazama vifungo kama vitabu.

Habari zetu ni nzuri mpaka naona haya. Juzi mume wangu kaongeza swali la sita kwenye fomu yangu mimi peke yangu: "Leo umecheka mara ngapi?" Sikujua. Niko ofisini, nimekaza uso kama msimamizi, naliona hilo swali, nikacheka mbele ya Bosi. Nikajaza "moja."

Lakini Shangazi, hii fomu inanitia hofu ile nzuri, kama mtu anayetazama mtoto analala. Wiki ya kwanza ilikuwa mistari tu. Wiki ya tano nikaipanga kwa jina la mteja, nikaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kunifundisha. Karibu hakuna anayenunua siku ya kwanza! Anasema hapana, anasema nitaona, anasema muulize mume wangu, mara ya nne au ya tano anasema leteni. Zile "hapana" zote ambazo zilikuwa zikituvunja moyo, kumbe zilikuwa ngazi. Nilizitazama zimepangana pale, nikazifuata kwa kidole moja moja.

Na yule wakala tunayemwita Mpole, ambaye Bosi alidhani ni mvivu. Fomu inasema kawatembelea watu sitini na wawili. Sitini na wawili! Kwenye "Umemwomba anunue?" kaweka hapana zote sitini na mbili. Nikamuuliza, "Kaka, kulikoni?" Akasema, "Naona aibu, wamenikaribisha vizuri." Wiki iliyofuata akawaomba. Saba wakasema ndiyo. Alikuja ofisini akitembea kama mtu aliyevishwa viatu vipya.

Sasa nakuja kwako, na kalamu inakuwa nzito. Sehemu yako ni tupu. Februari tupu, Machi tupu. Bosi anafungua jedwali kila Jumatatu, anashusha macho mpaka kwako, anapiga meza kwa kidole mara mbili. Mbona hujazi? Kama simu inakusumbua, niambie. Kama hutoki, niambie pia. Barua yako imejaa watu, jedwali linasema sifuri. Nimwamini nani?

Mwanao

*

Nyumbani
2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Umeniuliza umwamini nani. Swali hilo sikulipenda, lakini nimelisamehe kwa sababu ya ndoa changa, inalevya.

Simu hainisumbui. Nimeijaza fomu yako mara nne, na mara nne nimefika mahali fulani nikaizima. Pana nyota nyekundu. Swali lenye nyota nyekundu haliniruhusu kupita mpaka nichague, na katika majibu yaliyoandikwa pale hakuna hata moja lililo kweli kwangu. Mimi na uongo hatujawahi kupanga nyumba moja, sitaanza uzeeni ili nimfurahishe mtu mwenye tai.

Wale wa zipu wameshajua. Wameleta mwenzao anayetaka mashine, ila anataka aishike kwanza, na mimi mashine ya maonyesho sinayo hapa, ipo stoo ya kampuni. Mama wa sare kaja na dada yake. Mwanamke mmoja mgeni kabisa kakaa hapa kibarazani toka asubuhi mpaka jua likazunguka upande wa pili, anajifunza kola. Nimewapa uji.

Usije huku. Najua unafikiria kuja. Kaa na mumeo.

Shangazi yako

*

Chumbani kwetu
26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo naanza vibaya, nisamehe: nilikasirika. Barua yako niliisoma nimesimama. Nikajisemea, basi, nitamjazia mwenyewe. Watu thelathini kwa wiki, majina nayajua, nimekulia kibarazani hapo. Nikaanza. "Leo umeonana na nani?" Mama wa sare. "Umemfikiaje?" Nikaweka kidole kwenye "Nimemtembelea".

Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Hakuninyang'anya simu. Alisema tu, "Ulimwona akimtembelea?"

Nikaketi, Shangazi. Nikatoa barua zako mbili kwenye kopo la uzi ninamozihifadhi, nikazisoma kwa kidole, nikiwahesabu watu. Mama wa sare kaja. Jirani kaja. Fundi wa mapazia na mdogo wake wamekuja. Mwenzao kaletwa. Dada yake mama wa sare kaja. Mgeni wa kola kaja. Saba, na wewe hukwenda kwa hata mmoja.

Kisha nikafungua fomu yangu mwenyewe, nikalisoma swali la pili kama vile mimi ni wewe. Nimemtembelea. Nimempigia simu. Nimemtumia ujumbe. Nyota nyekundu. Nilitengeneza fomu kwa ajili ya watu wanaokwenda tu, haikunijia akilini kwamba kuna mtu ambaye watu wanamwendea. Mbele ya macho yangu muda wote, na mimi nikakuuliza kama nikuamini! Nilifunika uso kwa barua.

Nimeongeza jibu la nne. "Amekuja yeye." Lipo sasa hivi, liangalie.

Lakini Shangazi, mtu niliyemjua mimi alikuwa hakai. Ulikuwa ukitoka na aproni yako, umande haujakauka. Na mashine ya maonyesho ipo stoo, kwa nini hujaibeba? Dereva wa gari la vipuri nilimuuliza hali yako, akacheka: "Shangazi yako? Kakaa kibarazani kama malkia, hata boksi hanyanyuki kulipokea, ananiambia weka hapo kijana." Nilicheka naye. Halafu nikaacha kucheka.

Harusi yangu ulikaa kitini toka mwanzo hadi mwisho. Viatu vilibana kweli?

Bosi amesema tarehe ni ileile. Nijibu.

Mwanao

*

Nyumbani
9 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na umesamehewa kabla hujaomba.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Haya, nasema. Siku kumi kabla ya harusi yako niliteleza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nimebeba mashine ya maonyesho. Niliikumbatia kama mtoto. Mashine haikupata hata mkwaruzo. Goti langu ndilo lililogeuka likatazama kwingine. Daktari kasema nitatembea kwa fimbo humu ndani, lakini barabara ile ya mteremko na mzigo begani, basi, imetosha. Mashine nikairudisha stoo kwa gari. Baba yako anajua. Nilimwapisha. Kama ningekuambia ungeahirisha harusi, nakujua. Kwa hiyo viatu vikabana.

Baada ya hapo niliona haya. Wakala asiyetembea ni kitu gani? Nilikaa kibarazani nikingoja mniondoe. Wiki ya pili akaja mmoja kuuliza, "Mama, mbona hatukuoni?" Alikuwa ni mtu niliyemuuzia mashine miaka kumi na tano iliyopita. Kisha wa pili. Nilikuwa nimebisha hodi kwao miaka yote hiyo. Sasa wananibishia hodi wao.

Jibu lako la nne nimeliona. Nimelitazama muda mrefu. Maneno mawili tu, na yamenitosha kuliko dawa za daktari.

Sasa sikia. Vifungo sikuacha. Ni vilevile, mazoea hayana tiba. Kila aliyekuja nikamweleza mashine, kifungo kilihama, na kila Jumamosi nilivihesabu nikaandika majina nyuma ya kalenda. Jumamosi ya tarehe kumi na saba, saa sita mchana, baada ya watu kuondoka, nitaanza kujaza, wote, na tarehe zao. Kama huna kazi, fungua hilo jedwali lako utazame.

Shangazi yako, mwenye goti moja na nusu

*

Ofisini, kwenye meza yangu
20 Mei

Shangazi yangu, shangazi yangu,

Shikamoo kwa magoti yote mawili, langu na lako. Nimelia, nimecheka, mume wangu kalia pia ila anasema ni mafuta ya mashine.

Nakuhadithia ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa upande wa kutuma tu, hukuuona upande wa kufika.

Saa sita kamili tulikuwa ofisini, mimi na mume wangu, na mkate wetu. Jumamosi, hakuna mtu. Jedwali lipo wazi, sehemu yako tupu. Saa sita na dakika nne ukajitokeza mstari wa kwanza. Mama wa sare. Amekuja yeye. "Sindano ilikuwa nyuma mbele." Nikapiga kelele. Dakika ya saba, wa pili. Dakika ya tisa, wa tatu. Nikawa naona unavyoandika, Shangazi! Naona unapopumzika, unapovaa miwani, mahali uliposahau jina ukaandika "yule wa mtoto mnene". Mkate ulibaki mkononi. Walikuwa wakiingia mmoja mmoja, kimya, kama watu wanaopita mlangoni na kukaa. Mama wa kola. Fundi mapazia. Mjane anayeshona mashuka. "Kaja kusalimu tu, tukaishia kwenye mashine." "Anaogopa umeme, nimemwambia aanze na ya mguu." "Kaja mara ya tano." Mume wangu alinishika mkono na hakuuachia.

Kwenye mia moja na kumi mlango ukafunguka. Bosi. Alisahau mwavuli wake. Akasema, "Jumamosi mnafanya nini hapa, wapenzi?" Nikamwonyesha kwa kidole tu. Akainama. Mstari mwingine ukaingia mbele ya pua yake. Mwingine. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia.

Akavuta kiti.

Unamjua alivyo, hakuamini mara moja. Akachagua mstari mmoja katikati, akapiga namba uliyoandika pembeni ya jina. Mwanamke akapokea. Bosi akamuuliza kama ni kweli alikwenda kwa wakala wa cherehani mwezi Machi. Tukamsikia sote: "Kwa Mama? Ndiyo, na kesho ninakwenda tena. Wewe ndiye mwenye mashine? Mbona hamumletei moja tukaishika? Tumechoka kushika ya kwenye picha!" Na Bwana Matokeo, Shangazi, akavua tai yake akaiweka mezani. Akasema taratibu, "Kumbe mimi ndiye nisiyekwenda."

Giza lilipoingia ukapumzika, Jumapili alfajiri ukaendelea, nasi tukarudi ofisini; walipoacha kuingia mchana walikuwa mia nne na themanini na mmoja. Thelathini na zaidi kwa wiki, tangu Februari, bila kushuka hata ngazi moja. Hakuna wakala mwingine aliyefika karibu. Bosi kasema uwakala wako hauguswi, na Alhamisi hii gari linaleta mashine mbili za maonyesho, ya umeme na ya mguu, zikae kibarazani kwako. Dereva ataziingiza mwenyewe. Nimemwambia akithubutu kukuita malkia tena, aseme kwa heshima.

Lakini barua hii siiandiki kwa ajili ya hayo. Naiandika kwa ajili ya mstari wa mwisho. Bosi alikuwa ameshaondoka na mwavuli wake. Tulidhani umemaliza. Saa tisa na dakika kumi na mbili ukaingia mmoja tena.

Leo umeonana na nani? "Binti wa kaka yangu."

Umemfikiaje? Hapo ulichagua "Nimemtumia ujumbe".

Mmezungumza nini? "Kila kitu isipokuwa goti."

Umemwomba anunue? "Hapana. Nilimwambia asije. Nilikosea."

Utamrudia lini? Hapo hukuandika kitu.

Shangazi, swali hilo nililisahau kuliwekea nyota nyekundu, lakini jibu lake lipo. Gari la Alhamisi lina nafasi mbili mbele, dereva tumeshamwambia. Mume wangu amefunga mfuko wa vifaa, anasema ataifanyia kazi ngazi yako ya nyuma kabla hajagusa cherehani yoyote. Mimi nimefunga redio ndogo. Wewe utakaa kitini, mimi nitacheza mbele yako, tumalizie harusi.

Ukituona pale chini ya mteremko usinyanyuke. Toa simu, fungua fomu, bonyeza lile jibu la nne. Na mfuko wa kulia uwe na vifungo viwili.

Mwanao